Mjane Aliyegawa Nafasi Yake ya Kaburi

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Tunduma nikaambiwa kwamba mama mmoja, mzee wa kanisa niliyewahi kuhudumu naye, amefariki dunia na amezikwa mwisho kabisa wa makaburi, karibu na ua wa minyaa. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa miaka ya tisini nilifundisha shule ya msingi mjini humo. Kanisani nilikuwa katibu wa baraza la wazee, kazi niliyopewa kwa sababu ya mwandiko wangu tu. Mama huyo alikuwa Mnamwanga, mwenyeji wa pale, mjane, mkulima wa mahindi na maharage, mwanamke wa maneno machache. Matofali ya kanisa lile aliyafyatua yeye na mumewe pamoja na jamaa zao wachache, na kama kuna aliyekuwa na haki ya kuliita lake, basi ni yeye.

Biashara ilipofunguliwa, mji ulijaa. Walikuja Wakinga na maduka yao, Wanyakyusa, Wachaga, Wabemba waliovuka mpaka kutoka Zambia kila Jumapili, na kutoka bondeni Momba wakaja Wasukuma waliokuwa wamehamia huko na ng'ombe wao. Wenyeji walinung'unika kuwa ibada ya Kinamwanga imekufa na kwaya haieleweki tena. Yalikuwa maneno tu, mpaka familia moja ya Kisukuma ilipofiwa na binti yao aliyekuwa akitibiwa mjini. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya kwao. Baba yake akaja kwenye kikao chetu, akavua kofia, akaomba mtoto azikwe katika makaburi ya kanisa. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Ndugu yetu, pole sana. Lakini pale ni pa waliojenga kanisa hili. Nafasi zimebaki chache, na kila moja ina mwenyewe." Nikaanza kuandika uamuzi huo kwenye daftari. Sikupinga. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kuja, Mnyiha wa Ihanda, na niliogopa kuulizwa nimefyatua tofali gani.

Mama yule akasimama. "Ile nafasi iliyo kando ya mume wangu ni ya nani?"

"Ni yako, mama," mzee akajibu.

"Basi mtoto alale pale."

"Na wewe tutakuweka wapi?"

"Mtatafuta. Mimi bado nipo. Huyu yuko chumba cha maiti." Kisha akamgeukia mgeni. "Baba, twende unioneshe mama yake alipo." Wakatoka wote wawili, na kikao kikaishia hapo.

Siku ya mazishi wanawake wa Kisukuma waliimba kwa lugha yao, na wa kwetu wakaitikia kwa kubahatisha. Si wote waliofurahi. Wazee wawili walihama kanisa. Lakini msimu uliofuata, mvua za kwanza zilipoanguka, baba yule alipanda kutoka bondeni na jozi mbili za maksai, akalima shamba la mama, halafu mashamba ya wajane wengine, bila kuuliza nani wa kabila gani. Kwaya nayo ikaanza kuimba kwa lugha nne, na watu wakawahi ibada ili wapate pa kukaa.

Tangu hapo nimesikia mahubiri mengi juu ya kanisa kuwa la watu wote. Sote huitikia amina. Shida huja pale mmoja wetu anapotakiwa kuachia kitu alichokitolea jasho, ili mwingine asiyefanana naye apate pa kuingia. Ndivyo ilivyo kanisani, ofisini na hata katika nchi. Mama huyu amenifundisha kwamba aliyetangulia kufika ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kusogea, na kwamba mahali panapopokea watu wa kila aina hupata nguvu ambayo waanzilishi wake peke yao wasingeipata kamwe.