Injini ya Wageni

Injini ya kwanza niliyosomea sikuigusa hata siku moja nikiwa mwanafunzi. Ilikuwa ya dizeli, ya silinda nne, imewekwa juu ya stendi ya chuma katika chumba chenye dirisha kubwa la kioo, kwenye chuo kidogo cha ufundi upande wa Bungoma. Tuliambiwa ni ya msaada, kwa hiyo ufunguo wa chumba ulikaa na mkuu wa chuo mwenyewe. Wageni wakija, inafutwa vumbi, wanapiga picha nayo, inafungiwa tena.

Sisi tulisoma kwa chaki. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Kimilili, mpole, na sijaona mwingine anayechora ubaoni kama yeye. Alichora silinda, akachora pistoni ndani yake, akachora valvu mbili juu. Pistoni ikishuka, valvu ya kwanza inafunguka na hewa inavutwa ndani. Ikipanda, valvu zote zimefungwa, hewa inabanwa mpaka inakuwa moto mkali. Hapo dizeli inanyunyizwa, inawaka, na ule mlipuko unaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayovuta trekta. Ikipanda tena, valvu ya pili inafunguka na moshi unatoka.

"Kuvuta, kubana, kulipuka, kutoa," alisema, na darasa zima likarudia kama kwaya. Nilikuwa msichana pekee, na sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi. Mtihani ulipokuja niliwapita wote.

Siku moja nilimuuliza kwa nini tusiingie kwenye kile chumba hata mara moja. Alifuta ubao kwanza, ndipo akageuka.

"Ukielewa mchoro, umeelewa injini," akasema. Nilimwamini.

Kisha nikapelekwa Kitale kufanya mazoezi ya kazi kwenye gereji ya matrekta. Fundi mkuu alikuwa mzee ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya. Asubuhi ya kwanza aliniita mbele ya trekta lililokuwa likinguruma kwa kukohoa.

"Wewe si umetoka college? Haya, silinda moja haichomi. Ni gani?"

Nikaanza kueleza kuvuta na kubana. Mafundi waliweka spana chini wakanisikiliza. Nilipomaliza, mzee akaniuliza tena, taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "Nimeskia. Ni gani?"

Sikujua. Sikujua hata mkono niuweke wapi. Basi akachukua spana na, injini ikiwa bado inanguruma, akalegeza nati ya paipu inayopeleka dizeli kwenye silinda ya kwanza. Mngurumo ukayumba. Akaikaza, akalegeza ya pili. Ukayumba tena. Alipolegeza ya tatu, mngurumo haukubadilika hata kidogo.

"Ni huyu. Ukimnyima chakula na hajali, huyo alikufa kitambo."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yeye hakucheka. Saa ya chakula alinipeleka kwa injini ndogo ya petroli ya kuvuta maji, akatoa plagi, akaniambia niweke kidole gumba kwenye lile tundu. Akavuta kamba polepole. Kidole kikafyonzwa ndani. Akaendelea kuvuta, na hewa ikakisukuma kidole kikaruka.

"Umeskia? Hiyo ya kwanza ni kuvuta. Hiyo ya pili ni kubana."

Nililia, naye akadhani ni furaha. Ilikuwa hasira. Nilikuwa nimekariri kwa miaka miwili jambo ambalo kidole kingenifundisha kwa dakika moja.

Nilibaki Kitale miaka kadhaa, nikawa fundi wa kweli. Kisha mwalimu wangu akastaafu na chuo kikaniita nichukue nafasi yake. Nilikwenda na nia moja tu, kufungua kile chumba. Mkuu wa chuo alikuwa yuleyule.

"Madam, hiyo ni ya wageni," alisema. "Ikiharibika, nani atajibu?"

Niliomba muhula baada ya muhula. Alikuja kukubali aliposikia kwamba wakaguzi wanataka kuwaona wanafunzi wakifanya kazi kwa mikono.

Tuliingia asubuhi, mimi na darasa zima. Kabla ya kuiwasha, niliweka spana mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, niizungushe kwa mkono kidogo. Haikusogea. Tukaongeza bomba refu kwenye spana, vijana wawili wakavuta pamoja nami. Haikutikisika. Nikafungua kichwa cha injini. Ndani kulikuwa na kutu nyekundu, pistoni zimegandana na kuta za silinda; injini ilikuwa imeshika. Paa lilikuwa likivuja palepale juu ya ekzosi, bomba la kutolea moshi, na maji yalikuwa yakiingia mvua baada ya mvua. Kwa nje rangi iling'aa.

Mkuu alikuja akachungulia.

"Ilikuwa nzima," akasema.

"Mkuu, hii haijawahi kuwashwa. Angalia kutu."

"Ilikuwa nzima mpaka ulipoifungua."

Nilipewa barua ya onyo, kwamba nimeharibu mali ya chuo. Wanafunzi waliambiwa waandike walichoona, na wengine wakaandika kwamba iliharibika tulipovuta lile bomba. Watu huniambia nisiwalaumu, walitaka vyeti vyao. Nawalaumu.

Jumamosi yake nilikwenda Kimilili kwa mwalimu wangu wa zamani. Nilimkuta barazani akichambua maharagwe na mkewe. Nilimwambia kwamba niliifungua ile injini, na kabla sijafika mbali akasema, bila kuinua macho, "Imeshika."

"Nani amekuambia?"

Mkewe aliinuka akaenda jikoni.

"Nilijua," akasema. "Mwaka ule wenu. Nilipata ufunguo siku moja wakati wa likizo, nikitaka niwaandalie. Haikuzunguka. Nikafunga, nikarudisha ufunguo."

"Na hukusema?"

"Ningesema, wangesema ni mimi. Si unaona vile wamekufanyia?"

"Ulituambia mchoro unatosha, mwalimu."

"Ningewaambia nini, binti yangu?"

Mkewe akaleta chai, nikainywa, kwa sababu chai ya mtu haiachwi. Niliposimama kuondoka, mwalimu alinisindikiza hadi barabarani, akichechemea mguu mmoja, akanishika mkono.

"Nitamwandikia mkuu," akasema. "Nitaeleza yote. Mimi ni mzee sasa, watanifanya nini?"

Nilirudi Bungoma na matumaini, jambo linaloniaibisha mpaka leo. Kila wiki nilipita kwa karani kuuliza kama kuna barua yoyote kutoka Kimilili. Baadaye karani akawa anatikisa kichwa akiniona tu mlangoni, nami nikaacha kwenda.

Barua haikuja. Onyo langu bado liko kwenye faili. Mwaka jana nilikutana na mwalimu sokoni Kimilili, ananunua mbegu za sukuma wiki. Aliuliza habari za watoto, nikamwambia hawajambo. Nikamuuliza habari za mguu wake, akasema unauma wakati wa baridi. Alikuwa ameushika mkono wangu muda wote huo, akinitazama kama anayesubiri niseme neno. Nikautoa, nikamtakia siku njema.