Nyoka ya Tumbo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kasese miaka ya sitini, sikukabidhiwa sindano wala chupa. Bwana Mifugo, mkubwa wetu wa ofisi, alinipa ndoo ya mavi ya farasi. Mimi niliyevaa suruali mpya iliyopigwa pasi! "Chambua," akasema. "Anayetibu minyoo bila kutazama mavi anabahatisha." Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, lakini nilichambua.

Farasi kwetu hawakuwa wengi. Wazungu wa mgodini walikuwa nao wachache, nasi tuliwahudumia. Bwana Mifugo alitufundisha kutafuta mayai ya minyoo: unakoroga mavi kidogo katika maji ya chumvi, mayai yanaelea juu, unayatazama kwa hadubini. Mwenye mayai mengi hunyweshwa dawa, mwenye machache huachwa. "Mkinywesha wote kila mara," alisema, "itabaki minyoo sugu tupu, na siku moja dawa yenu itakuwa maji." Tulizoa mavi malishoni, kisha tukaingiza ng'ombe ili wale nyasi zile, maana minyoo ya farasi ikiingia tumboni mwa ng'ombe hufa.

Mtoto wa farasi ndiye aliyetutia hofu. Minyoo yake ni myeupe, minene kama penseli. Ikijaa halafu ukaiua yote kwa mkupuo, inaziba utumbo, naye anakufa kwa dawa yako mwenyewe.

Baadaye nikahamishiwa Bwera. Miaka ya sabini ikaingia, wanajeshi wakashika nchi, Wazungu wakaondoka, na farasi wao wakachukuliwa na kapteni mmoja aliyekaa kando ya barabara ya Mpondwe, iendayo mpakani. Mtunzaji wao alikuwa Kambale, Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, mcheshi kweli. Yeye aliniita dokta wa mavi, nami nilimwita mume wa farasi.

Asubuhi moja askari akaja kunichukua kwa Land Rover. "Panda!" Hakusema kwa nini; nilidaka mkoba wangu wa dawa tu. Zama zile ukipandishwa gari la jeshi, majirani walianza kukulilia kabla gari halijakata kona. Mke wangu alisimama mlangoni na unga mikononi.

Nilimkuta Kambale amepigishwa magoti uani kwa kapteni, mikono imefungwa nyuma, mdomo umevimba. Kando yake alisimama mtoto wa farasi, tumbo limejaa, manyoya yamefifia.

"Daktari!" kapteni akafoka. "Hii mutu naweka nyoka kwa tumbo ya farasi yangu. Yeye mwenyewe nasema!"

Kambale akalia. "Afande, miye nilisema tu mutoto ya farasi iko na nyoka mu tumbo. Nyoka mingi! Dokta, si uone?"

Lo! Nilitamani kumziba mdomo. Kila alivyojitetea ndivyo alivyojichimbia kaburi. Kwao Butembo minyoo huitwa nyoka ya tumbo, na mama yeyote atakwambia mwanawe ana nyoka. Lakini kapteni alitoka kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Kwake nyoka ni nyoka tu, na nyoka tumboni ni uchawi.

Nikaingilia kati. "Afande, anasema minyoo. Hata Waganda wanaiita njoka."

"Njoka?" Kumbe mke wa kapteni alikuwa Muganda. Alimtazama Kambale, akanitazama mimi. "Bibi yangu nasema hivyo kwa watoto," akanung'unika.

Nikashusha pumzi. Mapema mno!

"Basi leta dawa. Piga chupa yote leo. Ikikufa, nyinyi wawili takufa."

Jamani, hofu ninaijua. Nikitii, yule mnyama anazibwa utumbo na sisi tunakwenda naye. Nikikataa, sijui. "Afande, nikimpa yote leo, atakufa leo. Nitampa kidogo, minyoo itoke polepole, halafu nitarudia."

Mkono wake ukaenda kwenye mkanda wa bastola. "Wewe nakataa amri?"

"Natibu farasi wako, afande." Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mimi ni mwoga, na sioni aibu kusema.

Akamtazama farasi wake, kisha akatoa ishara niendelee. Nikaomba Kambale afunguliwe anishikie kichwa cha mnyama, nikamnywesha dawa kidogo. Tukafungiwa zizini pamoja naye. Kambale alisali rozari bila sauti. Mimi niliweka sikio ubavuni, maana tumbo lenye afya hunguruma, na likinyamaza kabisa basi utumbo umeziba. Kila liliponyamaza kidogo nilikandamiza sikio zaidi.

Kesho yake jua lilipopanda, mtoto wa farasi akainua mkia. Minyoo ikatoka, mingine ikijinyonganyonga bado. Kambale akapiga ishara ya msalaba. Kapteni akaja, akaichokoa kwa fimbo. "Njoka," akasema, akaenda kunywa chai. Hakuna aliyetuomba radhi.

Sasa nimestaafu, nafuga mbuzi hapa Bwera. Vijana wa mifugo hunipitia na dawa za kila rangi, wananywesha kila mnyama kila mwezi, nami nawagombeza watazame mavi kwanza. Nawaambia pia, mwenye mnyama akikutajia ugonjwa, muulize kwao neno hilo lina maana gani. Wananicheka, ati mzee anaogopa maneno. Ndiyo, naogopa.

Baada ya mkasa ule Kambale aliendelea kuwatunza farasi wale, maana kapteni hakumruhusu kuondoka. Siku moja tulikuwa zizini mle tukihamisha majani makavu, ghafla akanivuta shati, macho yamemtoka, akanyoosha kidole. Swila mkubwa, yule atemaye sumu, kichwa juu, karibu na mguu wangu! Niliruka nikaangukia ukutani. Swila alipokwisha kutokomea ndipo nikapata sauti ya kufoka: "Ungeniua, bwana! Mbona hukupiga kelele?"

Kambale akageuka, akatazama upande wa nyumba ya kapteni.

"Niseme nini, dokta?"