Dakika Mbili za Kimya

Kila Novemba, miaka ile ya hamsini, sisi tuliorudi hai kutoka vita vya Waingereza na Wajapani kule Bama, Asia, tulipangwa mbele ya mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani pale Iringa mjini, medali kifuani, viatu vya kuazima miguuni. Mwaka mmoja nilikwenda na shangazi yangu, ambaye mwanawe tulimwacha huko Bama bila hata kaburi.

Bwana DC alitushukuru kwa ushindi wa mfalme na rafiki zake, ambao hatukuwajua. Tarumbeta ikalia, akaamuru dakika mbili za kimya. Hapo shangazi akaangua kilio, kama inavyompasa mama aliyefiwa. Polisi wawili wakamshika mikono wakamwondoa, ili marehemu apewe heshima yake.

Mimi sikugeuza hata shingo. Nilikuwa kwenye gwaride.

Baadaye nilimkuta ameketi kando ya barabara. Nikamweleza kwamba Wazungu huomboleza kwa kunyamaza. Akaitazama medali yangu, kisha akanitazama usoni.

"Kwetu anayenyamaza msibani ndiye anayeshukiwa kuua," akasema. "Na wewe, mwanangu, ulinyamaza vizuri kuliko wote."