Taa ya Kijani Njia ya Matombo

Miaka ya ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa na magari yaliyokwisha tumika Japani yalipoanza kuingia kwa wingi, shemeji yangu alinunua moja lenye shokapu zinazojirekebisha zenyewe. Njia ikiwa mbaya na mwendo mdogo, hulainika, gurudumu likapanda na kushuka bila kutikisa bodi. Gari likikimbia au kukata kona, hukazika lisiyumbe. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani. Niliyaelewa haya kwa kutazama michoro, kisha kulijaribu gari lenyewe pale kwangu Mazimbu.

Mama alipoteleza shambani Matombo akavunjika nyonga, ndilo nililoazima. Tulikunja viti vya nyuma, tukamlaza kwenye godoro. Mjomba, mdogo wake mama, alikaa kando akimshikilia. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, naye alikwisha sema: hospitali ya mjini, leo hii.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kushoto ukuta wa mlima, kulia bonde la migomba, hakuna pa kugeuzia. Kila shimo nililikaribia kwa adabu, nikikanyaga breki hadi ukingoni, na kila shimo mama alipiga yowe.

"Mpwa, umebeba mama yako au viazi?"

"Naenda taratibu, Mjomba."

"Taratibu yako inaua! Mkokoteni una huruma kuliko hili Japani lako."

"Nishusheni," mama alisema. "Niacheni hapa hapa kwenye migomba."

Sikuweza kumshusha, wala kurudi, wala kwenda taratibu zaidi. Nikabaki kutazama taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi, inayowaka shokapu zinapokazika. Kwa mwendo ule nilitarajia iwe imezimika njia nzima. Iliwaka kabla ya kila shimo. Mguu ukigusa breki, inawaka. Nikiachia, inakawia kidogo, inazimika.

Ndipo nikaelewa. Ukifunga breki, pua ya gari huinama, na shokapu hujikaza kuizuia. Kwenye lami ni jambo jema. Huku kwenye mashimo nilikuwa nikizikaza kwa mguu wangu mwenyewe, kisha nikilitumbukiza gurudumu shimoni.

Shimo lililofuata nilipunguza mwendo mapema, nikatia gia ya kwanza, nikaachia breki. Nilisubiri taa izimike, ndipo nikaliacha gari litambae. Gurudumu liliingia, likatoka. Nyuma kimya. Kimya kile kilinitisha, nikatazama kioo: macho ya mama yalikuwa wazi. Shimo jingine, kimya tena.

"Tumefika lami?" mama aliuliza.

Mjomba alichungulia dirishani. Matope, migomba, ukuta wa mlima.

"Tunakaribia, dada," alisema, akinikazia macho kwenye kioo nisije nikamkanusha.

Mbele yetu palianza mteremko mrefu uliochimbika, ambao gia peke yake isingeweza kulizuia gari.

"Mshike, Mjomba," nikasema. Nikakanyaga breki, na taa ikawaka.