Mgeni Aliyetoka Misri

Juzi Mzungu alipita Babati kwa baiskeli iliyosheheni mizigo, mnyororo ukilia, nikamkumbuka mwingine aliyesimama kijijini kwetu Singe mchana mmoja wa utoto wangu kuomba maji, akinuka jasho na vumbi.

“Ametoka Misri,” Baba alitutafsiria.

Misri niliyoijua ilikuwa ya Biblia. Nikainama kutafuta matope ya Bahari ya Shamu kwenye matairi yake. Leo najua hakupita huko, lakini siku ile niliyaona, nikayagusa kwa kidole.

Sukari ilikuwa imeadimika madukani. Mama alikuwa ameficha ya mwisho ndani ya debe la mahindi, ya uji wa mdogo wangu. Akaimimina yote kwenye chai ya mgeni. Nikamkodolea macho.

“Wana wa Israeli walitumia miaka arobaini, mwanangu,” akaninong'oneza. “Huyu kafika peke yake.”