Trekta la Mzee Nazzareno

Ornella alianza kuchoka muda mrefu kabla ya kupanda ndege. Alichoka kwenye foleni za mihuri, akachoka kwenye vikao vya kuulizwa kwa nini mwanamke wa miaka arobaini na saba anataka mtoto wa pili ilhali wa kwanza anamtosha. Alichoka kiwandani pia, kwao Marche, Italia, ambako kwa miaka ishirini na sita alikuwa anashona ngozi za viatu ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kuvivaa. Kazi hiyo ilimwachia mgongo mbovu na tabia moja: akikutana na mtu humtazama miguu kwanza, uso baadaye.

Kwa hiyo siku walipokabidhiwa Yeison, katika ofisi ya kuasili watoto jijini Bogotá, Kolombia, alichokiona kwanza ni viatu vyeusi vilivyong'arishwa vizuri, vidogo kwa namba nzima. Halafu ndipo akamwona mvulana wa miaka minane, nywele zimelowanishwa na kuchanwa upande, amekumbatia albamu ya picha waliyomtumia. Mvulana aliwakagua mmoja mmoja: Ornella, mumewe Settimio, na binti yao Marisol, ambaye walimchukua katika mji huohuo akiwa na miaka mitatu na sasa alikuwa na kumi na mmoja. Akafungua albamu, akalinganisha.

"Huyu siye," alisema, akimnyooshea Marisol kidole. "Dada yangu mimi ni mdogo. Ana pengo hapa mbele. Nilikuwa nimfundishe baiskeli."

"Baiskeli naijua," alijibu Marisol kwa Kihispania chake cha kuokoteza.

"Ndiyo hivyo, hunihitaji." Akafunua ukurasa mwingine. "Na babu wa trekta yuko wapi?"

Albamu ile ilikuwa kosa la Ornella. Walipoandikiwa kwamba mtoto amepatikana, walipewa siku nne kupeleka picha za familia ili mtoto awazoee kabla hawajafika. Miaka sita ya kusubiri ilikuwa imepita, na siku hizo nne zilimkuta akifanya kazi ya ziada kila jioni. Akatoa kabatini albamu aliyoitengeneza walipoanza kuomba mtoto wa pili, akaifuta vumbi. Marisol humo bado ana pengo. Na ukurasa wa mwisho baba mkwe wake, Mzee Nazzareno, amekaa juu ya trekta la rangi ya machungwa, anacheka, kofia imekaa upande. Alikuwa ameshazikwa. Ornella alitaka kuibandua picha hiyo, lakini Settimio alisimama pale mezani akasema, "Mwache baba humo." Akamwacha.

Sasa mtoto alikuwa anasubiri jibu, na maofisa wawili wanatazama.

"Yuko nyumbani," alisema Ornella. "Anakusubiri."

Settimio akageuza uso kutazama dirisha.

Wiki ile ya kwanza, afisa wa ustawi, Bi Nohemí, alikuja kumuuliza Yeison kama anataka kwenda na watu hawa. Yeison akasema bado anafikiria, kwanza azungumze na babu kwa simu. Bi Nohemí akaandika kwamba mtoto hajawa tayari. Mahakama zikafungwa kwa sikukuu, na ikabidi wangoje mpaka Januari afisa arudi kuuliza tena. Safari hii mtoto akikataa, faili lisingefika kwa hakimu, na wangerudi kwao kama walivyokuja.

Wakakaa kwenye nyumba ya wageni ya Bi Edilma, vyumba viwili juu ya duka la vifungo. Mvua ilinyesha kila siku mchana. Hewa ya mlimani ilimkaba Ornella, akawa anapanda ngazi kumi na nne kwa vituo viwili. Yeison alikula vizuri, akamcheka Settimio kwa namna anavyotamka maneno, akamfundisha Marisol matusi madogomadogo. Lakini begi lake lilikaa mlangoni limefungwa, na viatu hakuvivua hata kitandani. Ornella akimuuliza kama vinambana, anajibu, "Havinibani." Na kila siku, akiwa na kikombe chake cha maji moto ya sukari guru, anauliza babu anapiga simu lini.

"Leo yuko shambani," Ornella anasema. Kesho yake, "Simu yake imeharibika."

Bi Edilma alivumilia mpaka baada ya Krismasi. Siku hiyo alikuwa anageuza mikate ya mahindi kwenye kikaango, hakumtazama hata usoni.

"Mama Marisol, babu huyo ni marehemu, sivyo?"

Ornella akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Nilijua. Masikio yako yanakuwa mekundu. Sikiliza, mwenzangu, huyo mtoto ameshadanganywa na mabingwa. Wewe hata kuanza hujaanza. Unafikiri hajui?"

"Nikimwambia atakataa kwenda."

"Huenda akakataa. Usipomwambia, utampeleka mpaka kule umwonyeshe nini? Kaburi?"

Ornella alikuwa amechoka, na uongo nao ni kazi. Mchana ule mvua ilipoanza, aliona soli ya kiatu cha kulia cha Yeison imeachama. Akatoa sindano na uzi wake, vitu ambavyo hasafiri bila kuwa navyo.

"Nipe nikushonee."

"Sivui."

"Kimoja tu. Kingine kibaki mguuni."

Yeison akafikiri, akampa. Ornella akashona, macho kwenye ngozi, mikono ikifanya kile inachokijua. Alipofika nusu ya soli akasema, "Babu amekufa. Mwaka juzi, mwezi wa kumi."

Mtoto akautazama mguu wake usio na kiatu.

"Nilijua wakati nakutumia albamu. Nilijua nilipokwambia anakusubiri."

"Mlichelewa," alisema Yeison.

"Tulichelewa." Akakata uzi kwa meno. "Kuanzia leo ukiniuliza kitu nitakwambia kilivyo, hata kama ni kibaya."

Yeison akavaa kiatu chake, akaenda kukaa karibu na begi. Kwa siku nyingi hakuongea naye ila kuomba chumvi. Settimio naye hakumlaumu mkewe, ila alikuwa anashinda dirishani, na Ornella alijua anamlilia baba yake upya.

Bi Nohemí akaja Januari, mwavuli unachuruzika, akaketi mezani, akafungua faili. Wakakaa wote. Ornella alijihisi hana nguvu hata ya kuogopa.

"Haya, Yeison," alisema Bi Nohemí. "Umefikiria?"

Yeison akajivuta kwenye kiti. Akamgeukia Ornella. "Trekta nani analiendesha sasa?"

Settimio, upande wa pili wa meza, akatikisa kichwa kidogo sana. Usimwambie. Ornella alimwona.

"Hakuna anayeliendesha. Tumeliuza."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tunatafuta nauli ya kuja huku."

"Nauli ya watu wangapi?"

"Watatu kuja. Wanne kurudi."

Kalamu ya Bi Nohemí ikasimama. Yeison alifungua albamu ukurasa wa mwisho, akalitazama trekta la rangi ya machungwa kwa muda mrefu, akaifunga.

"Wameuza trekta," alimwambia afisa, kama mtu anayeshitaki jambo la kipumbavu. "Sasa nisipokwenda, si watarudi hawana trekta wala hawana mtoto? Andika naenda."

Bi Nohemí akaandika. Settimio akafunika uso kwa viganja, na Marisol akauliza kwa Kiitaliano kuna nini, kuna nini, maana maneno yalimpita mbio. Ornella hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini ya meza kwa mazoea yake yale ya miguu, kwa hiyo aliona vidole vya mtoto vikifungua kamba. Yeison akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akamwekea mapajani.

"Vinanibana," alisema. "Tangu siku ya kwanza."