Nyufa Tulizoziziba Wenyewe

Nyumba yangu ya Nizwa, huku Uarabuni, nimeijenga kwa matofali ya saruji kutoka karakana moja ya Firq, ambayo siku hizi haipo, pamekuwa mahali pa kuuza matairi. Fundi wake alichanganya mchanga wa jangwani, ule laini kama unga, na saruji akaitia kama anayetia chumvi mchuzi wa mgonjwa. Miye ningejuaje? Hata chuo cha Kurani nilifika juzuu ya Amma nikatoroka. Nyumba ya udongo ya marehemu baba mkwe, kule Ibra, imesimama mpaka leo, wanakaa popo. Yangu, ukiukwaruza ukuta kwa ukucha, unamwagika.

Basi ikatangazwa kwamba serikali itawasaidia wenye nyumba za matofali mabovu. Unaandikisha jina, anakuja mhandisi, akiandika kuwa nyumba haifai, unajengewa. Nikaandikisha. Ufa wa chumbani mwetu ulikuwa unaingia mkono mzima, na mke wangu kitanda kakihamisha mara tatu akiukimbia. Tulichotaka ni hicho tu, tulale bila ya kutazama dari.

Wakapiga simu: mhandisi anakuja Jumatatu.

Hapo ndipo tulipoharibu. Sie kwetu mgeni haingii nyumba chafu. Mama yangu Unguja, akisikia watu wanakuja kuposa, hata kwa jirani, alipaka chokaa mpaka barazani, na paka akafukuzwa. Paka mwenyewe alikuwa na jicho moja, lakini hayo tuyaache. Mke wangu kalelewa vivyo hivyo. Jumamosi akamwita fundi wa Kibangali, nyufa zote zikazibwa, juu ikapakwa rangi ya maziwa.

"Bibi weye, huyo anakuja kutazama nyufa!" nikamwambia.

"Kwani tumezitupa? Utamwambia zilipo. Mtu wa serikali aone nyumba kama gofu? Watasema Wazanzibari hawajui kukaa."

Na nisiwafiche, nilipenda ilivyong'ara. Ngazi ya fundi nilimshikia miye.

Mhandisi akaja, kijana, mama yake wa kwetu, Kiswahili chake cha kubahatisha. Akatoa shikamoo yake vizuri, akala halwa, akanywa kahawa vikombe vitatu, akakitikisa kikombe kuwa basi. Kisha akazunguka vyumbani.

"Mashaallah, babu. Nyumba yako mzuri sana. Wapi nyufa?"

"Zimo humo, chini ya rangi."

Akacheka, akidhani namtania. "Babu, mimi naandika kitu naona."

Hata kuugonga ukuta hakuugonga. Kapiga picha, kaenda zake. Jibu likaja: nyumba ni salama.

Nikashika nyundo, nikabandua plasta yote ya chumbani, mke wangu kasimama mlangoni analia kwa ajili ya rangi yake. Nikapiga picha za simu, nikazipeleka ofisini. Nikakaa kwenye foleni mpaka adhuhuri. Karani wa dirishani, Mwarabu wa papa hapa, akazitazama.

"Ya haji, haya mapigo ya nyundo. Ngoja nyufa zitoke zenyewe, kisha lete ombi jipya."

"Na ikituangukia kabla?"

"Inshallah haitaanguka."

"Ukiniombea hivyo, mwanangu, unaniombea ninyimwe msaada."

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Miye sikucheka. Miguu ilikuwa inaniuma, na hasira nyingine nilijikasirikia mwenyewe.

Ikabidi plasta irudishwe, maana mchanga ulikuwa ukituingia mpaka kwenye wali. Tokea hapo tunangoja nyumba yetu ivunjike. Watu wazima sisi, tunakagua kuta kama wanaotafuta mwezi wa Ramadhani.

Juzi mke wangu kaniita kwa kelele, nikadhani kaanguka. Kumbe kaona ufa juu ya dirisha, mwembamba kama uzi.

"Njoo upesi! Umetoka!" Uso wote unacheka.

Nikavaa miwani, nikautia ukucha. Haukuingia.

"Bado," nikamwambia. "Huu wataukataa."

Akaghadhibika kweli kweli, kama kwamba ufa ni wake na miye ndiye serikali.